Kimo cha Mgunga: Wanyama Wakubwa, Miti na Ndege wa Simiyu

Mhadhara kwa wananchi wa Bariadi



Nimeombwa nizungumze juu ya wanyama wakubwa wanaokula majani, namna wanavyoibadilisha misitu ya nyika, na namna ndege wanavyofaidika au kuumia kwa mabadiliko hayo. Anayeisikia mada hii anaweza kudhani ni habari ya Serengeti peke yake, ya tembo na watalii. Si hivyo. Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na Mwanza, umeegemea hifadhi kwa upande wake wa mashariki. Kuna Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna Pori la Akiba la Maswa, kuna Kijereshi kule Busega na Makao kule Meatu. Na huku kwetu, nje ya mpaka, yupo mla majani mkubwa anayewazidi wote kwa wingi, naye ni ng'ombe. Kwa hiyo nitakapotaja tembo, nyumbu na twiga, msiwaweke pembeni ng'ombe na mbuzi wenu. Mche wa mgunga hautofautishi mdomo wa swala na mdomo wa mbuzi.

Nitalitaja neno langu mapema ili tusipotezane njiani. Mti wa nyika hauhitaji kuepushwa na wanyama milele. Unahitaji kupumzishwa kwa muda, mpaka upite kimo cha midomo na cha moto. Zamani mapumziko hayo yaliletwa na maradhi na njaa. Wasukuma walipata njia ya kuyaleta kwa makubaliano, na njia hiyo ni ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu. Ndege ndio wanaotuonyesha kama tumepumzisha vya kutosha.

Tuanze na mche wenyewe. Mbegu ya mgunga ikiota baada ya mvua za mwanzo, inatoa vijani vichache juu na mzizi unaokimbilia chini. Swala pala na mbuzi wanavikata vile vijani. Kiangazi kinaingia, moto unapita, kila kilicho juu ya ardhi kinaungua. Mche haufi. Mvua ikirudi unachipua kutoka mzizini na kuanza upya. Ukichimba kichaka cha mgunga kisichozidi kimo cha goti, mara nyingi unakuta chini yake mzizi mnene wa miaka mingi. Mti ule ni mzee kiumri, ila haujapata nafasi ya kuinuka. Ukibahatika kufika kimo cha mtu, anakuja twiga. Mtafiti Robin Pellew, aliyewafuatilia twiga wa Serengeti katika miaka ya 1970, alionyesha jinsi wanavyoibana migunga michanga isipande. Mti ukishapita mita tatu hivi, moto wa nyasi hauwezi tena kuunguza kilele chake. Ukipita mita tano, hata twiga hafiki juu. Hapo unabaki na maadui wawili tu, tembo na shoka.

Sasa jiulizeni: kama kila mwaka kuna mdomo na kila mwaka kuna moto, ile migunga mirefu tunayoiona imepitaje?

Jibu liko katika historia yenye uchungu. Mwaka 1887 ugonjwa wa sotoka uliingia Pembe ya Afrika pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka ng'ambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuwa umeshafika katika nchi hizi. Ng'ombe wakafa, nyati wakafa, nyumbu wakafa. Wafugaji wakabaki bila maziwa wala nyama. Msafiri Oscar Baumann, Mwaustria aliyepita mwaka 1892 kutoka Umasaini kuvuka Serengeti hadi Ziwa Nyanza, aliwakuta Wamasai wamekonda kwa njaa na akaandika habari zao. Watu walipohama na kupungua, mioto nayo ikapungua. Wanyama walipokwisha, midomo ikaondoka. Miche iliyokuwa imefungiwa ardhini kwa miaka mingi ikapanda.

Haya si makisio matupu. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara, watafiti Herbert Prins na Henk van der Jeugd walichunguza umri wa migunga wakakuta imezaliwa kwa marika. Rika moja ni la mwisho wa miaka ya 1880, karibu na wakati wa sotoka. Rika la pili ni la mwaka 1961, na mwaka huo kimeta iliua swala pala wengi wa Manyara. Kati ya marika hayo hakuna migunga mingi. Serengeti nako, Holly Dublin na Anthony Sinclair wameeleza kwamba sehemu kubwa ya miti mikubwa iliyokuwa ikianguka katika miaka ya 1960 ilikuwa ya kizazi cha sotoka. Watu walipoiona ikiangushwa na tembo walidhani msitu wa milele unaharibiwa. Ukweli ni kwamba kizazi kimoja kilikuwa kinazeeka kwa pamoja, na nyuma yake vijana hawakuwepo.

Sehemu ya pili ya kisa hiki inatuhusu sisi moja kwa moja, na mimi huiona ndiyo nzuri kuliko zote. Sotoka haikuondoka baada ya ile tauni ya kwanza. Kwa miaka sabini hivi iliendelea kukaa ndani ya ng'ombe, na kila mwaka iliwaambukiza nyumbu wachanga. Kisha daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, wakiwa Muguga nchini Kenya, wakatengeneza chanjo iliyo bora na rahisi. Ng'ombe wa vijiji vinavyozunguka Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja, lakini kufikia mwaka 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwao, kwa sababu ulikuwa ukitoka kwa ng'ombe. Nyumbu waliokuwa takribani 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapita milioni 1.2 kufikia mwaka 1977.

Nyumbu milioni moja wanakula nyasi nyingi sana. Nyasi iliyoliwa haiungui. Serengeti, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ikiteketea kila kiangazi, ikaanza kubaki na maeneo mapana yasiyoguswa na moto, na miche ikapanda juu. Ricardo Holdo, Sinclair na wenzao walipoufuatilia mnyororo huo katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009, walionyesha kwamba kuondoka kwa ugonjwa wa ng'ombe kulirudisha miti katika nchi nzima ile. Ndugu zangu wafugaji, sindano iliyochomwa shingoni mwa ng'ombe wa babu zenu imo ndani ya kila mgunga wa makamo uliosimama Serengeti leo, na imo ndani ya kila tundu la ndege lililo kwenye migunga hiyo. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa kabisa na binadamu.

Kuhusu tembo nitasema kwa kifupi zaidi, maana habari zake mnazijua kutoka mashambani. Karne ya kumi na tisa biashara ya pembe iliwamaliza sehemu nyingi, na katika Serengeti walianza kurejea kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960. Majangili wakawapunguza tena hadi wakabaki mamia machache katikati ya miaka ya 1980. Biashara ya pembe ilipopigwa marufuku kimataifa mwaka 1989, wakaongezeka, na leo wako maelfu. Kule upande wa Mara, nchini Kenya, Dublin aligundua jambo la kufikirisha: moto ndio uliofyeka msitu, lakini tembo ndio waliouzuia usirudi, kwa kung'oa miche kila inapochomoza. Upande wa Serengeti, ambako tembo waliuawa kwa wingi miaka hiyohiyo, miche ikapata nafasi na msitu ukarudi. Wanyama ni walewale na mti ni uleule. Kilichotofautiana ni mapumziko.

Na ndege je? Ndege anaishi kwa umbo la nchi. Hondohondo anataka shina nene lenye tundu. Kigong'ota anataka tawi lililokufa apate mabuu. Kwale anataka nyasi za kujificha zilizo karibu na mahali peupe pa kuchakura. Tumbusi anataka kilele cha mti mrefu ajenge tago lake mbali na mikono. Mnyama mkubwa anapobadilisha umbo hilo, hawafukuzi ndege wote wala hawaleti wote. Anawabadilisha. Mtafiti wetu Mtanzania, Ally Nkwabi, akiwa na Sinclair, Simon Mduma na wenzao, amefuatilia jambo hili ndani ya Serengeti. Amekuta kwamba moto na malisho hupanga upya jamii ya ndege na chakula chao: wengine wanaondoka, wengine wanaingia kuziba nafasi. Nyumbu wakishafyeka nyasi, ndege wanaowinda wadudu kwa macho wanashuka pale. Korongo weupe wanaotoka Ulaya kila mwaka wanakuja kuokota panzi na viwavijeshi katika nyasi fupi. Ndege wanaojenga ndani ya nyasi ndefu wanasogea mbali.

Kuna jaribio moja kubwa kule Laikipia, nchini Kenya, lililoanza mwaka 1995 na linaendelea. Watafiti walizungushia nyika ua wa aina mbalimbali. Ua mmoja unazuia tembo na twiga peke yao, mwingine unazuia wanyama wa porini wote, mwingine unaruhusu ng'ombe, mwingine hauruhusu chochote. Darcy Ogada na wenzake walipohesabu ndege, waliona kwamba penye wanyama wakubwa wa porini aina za ndege zilikuwa chache kuliko mahali walipozuiwa, ingawa idadi ya ndege wote haikutofautiana. Matawi yanapokatwakatwa, wale wanaotegemea kivuli na vichaka vya juu wanakosa pa kukaa.

Mtu akiishia hapo atasema: basi, tuwazuie wanyama, ndege watajaa. Subirini. Katika nyua hizohizo upo mgunga mdogo wa udongo mweusi, ule wenye vinundu vyeusi kwenye miiba yake, unaotoa mluzi upepo ukipita kwenye matundu. Huku kwetu unaota sana kwenye mbuga za Meatu na Maswa. Kikate kinundu kimoja kwa kisu uangalie ndani. Ni chumba kitupu, kuta zake kavu, kimejaa sisimizi na mayai yao. Tikisa tawi, watatoka kila tundu wakiwa wameinua matumbo, na mbuzi akiwapata puani atarudi nyuma. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, nao wanaulinda. Baada ya miaka kumi ya kuzuia wanyama wakubwa, Todd Palmer na wenzake waliona mti ukipunguza vinundu na utomvu, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kulindwa dhidi yake. Sisimizi walinzi wakapungua. Nafasi yao ikachukuliwa na aina nyingine isiyolinda, inayokaa kwenye mashimo yaliyotobolewa na mbawakawa. Mbawakawa wakazidi, ukuaji ukapungua, miti ikafa zaidi. Kwa hiyo mti uliokosa kabisa mla majani uliumia kwa njia nyingine.

Katika mgunga huohuo anaishi ndege mdogo wa kijivu, mwenye alama nyeupe bawani, ambaye wataalamu wamempa jina la Karamoja ya Uganda alikoonwa kwanza. Hapatikani mahali pengi duniani. Yuko kaskazini mashariki mwa Uganda, na yuko katika nyika zetu za Serengeti na Wembere, akiokota wadudu kwenye miiba hiyo ya mluzi. Mti wenyewe unakatwa kwa ajili ya mkaa na nguzo za maboma. Hapo tembo hana hatia.

Niruhusuni nikae kidogo na ndege mmoja ambaye kila mchungaji hapa anamjua, shashi. Anatua shingoni mwa ng'ombe, anaegemea mkia wake mgumu, anaupitisha mdomo kwenye manyoya ubavuubavu akiufungua na kuufunga haraka, akizoa kupe wadogo kwa wakubwa. Anaingia sikioni, anashuka tumboni, ng'ombe ametulia. Chakula chake chote kiko kwenye mwili wa mnyama. Lakini wakati wa kutaga ukifika, ng'ombe hamfai. Anatafuta tundu ndani ya mti mkubwa, na tundu hilo analitandika kwa manyoya aliyoyang'oa mgongoni mwa mnyama. Kijiji chenye ng'ombe elfu kumi kisicho na mti mzee wenye tundu hakina pa kumlaza shashi. Dawa nazo zinamgusa. Kule Afrika Kusini, majosho ya arseniki, pamoja na wanyama kumalizwa na sotoka, yaliwafuta shashi wenye mdomo wa manjano mwanzoni mwa karne iliyopita. Mkienda duka la dawa za mifugo, mwulizeni mtaalamu dawa isiyoua ndege hawa. Zipo, na amitrazi ni mojawapo.

Matundu hayo hayawahusu shashi peke yao. Wapo kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, wanaopita kwa makundi wakipiga kelele, wanaoitwa kwa jina la Mjerumani Fischer. Asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi mno na kuuzwa nje, hata mwaka 1987 wakawa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kuliko wote duniani. Wanalala na kutaga kwenye matundu ya miti. Tembo akivunja tawi nene, jeraha likaoza, baada ya miaka linakuwa chumba cha kasuku au cha bundi. Hapo tembo amejenga. Akiuangusha mti mzima wenye tago la tumbusi, amebomoa. Na tumbusi si ndege wa kudharau: David Houston, aliyewachunguza Serengeti, alionyesha kwamba wanakula nyama ya mizoga kuliko fisi, simba na wanyama wengine wala nyama kwa pamoja. Mwaka 2015 tumbusi mgongo-mweupe aliwekwa katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu inayotegwa kwenye mizoga.

Sasa tuvuke mpaka turudi kwetu.

Nchi hii ilikuwa na miombo, migunga na vichaka. Katika miaka ya 1920 na kuendelea, serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka vichaka ili kuwaondoa mbung'o. Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton. Pamba ikapanuka, ng'ombe wakaongezeka, kuni na mkaa vikaendelea kutoka. Operesheni ya vijiji katika miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili walizorithi. Ilipofika miaka ya 1980, mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulizibeba Bariadi, Maswa na Meatu, ulikuwa umeanza kuitwa jangwa la Tanzania.

Ndege walilipa gharama hiyo. Mwaka 2002 Sinclair, Mduma na Peter Arcese walichapisha ulinganisho wa ndege wa ndani ya Serengeti na wa mashambani nje ya mpaka. Ndege walioonekana pande zote mbili, mashambani idadi yao ilikuwa asilimia 28 tu ya ile ya porini. Nusu ya aina za wala wadudu na wala mbegu hazikuonekana mashambani kabisa. Walioumia zaidi ni wale wanaokula wadudu kwenye nyasi na kwenye miti. Mkulima wa pamba anayenunua sumu kila msimu afikirie takwimu hiyo kwa makini, kwa sababu wala wadudu waliokosekana ndio wangekuwa vibarua wake wasiodai ujira.

Tofauti kubwa kati ya pande mbili za mpaka ule si kwamba huku kuna wala majani na kule hakuna. Pande zote wapo. Kule nyumbu wanakula na kuondoka. Wanakwenda kusini wakati wa mvua, wanakwenda magharibi na kaskazini kiangazi, na nyuma yao nchi inapumua. Huku ng'ombe wetu wanakula mahali palepale Januari hadi Desemba. Zamani nao walihamahama. Leo ardhi imejaa, na hawana pa kwenda.

Hapa ndipo ngitili inapoonyesha thamani yake. Mzee wa Kisukuma alifunga sehemu ya malisho mvua zilipoanza, akaiacha nyasi ikue, akaifungua kiangazi kilipokaza, kuanzia Julai au Agosti, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulima. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati aliitwa mbele ya dagashida, baraza la kijadi, na kutozwa faini. Sotoka iliipa miti mapumziko kwa kuua ng'ombe na kuwaacha watu na njaa. Ngitili iliyapata mapumziko yaleyale ng'ombe wakiwa hai na watoto wakinywa maziwa. Sijui elimu ya malisho iliyo bora kuliko hiyo katika kanda hii, na iligunduliwa na watu wasiokuwa na maabara.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzo wataalamu walileta miche ya kigeni kutoka vitaluni. Wananchi wakawaelekeza kwenye ngitili, na mradi ukafuata. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipokwisha, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika vijiji zaidi ya 800, kwa sehemu kubwa bila kupanda mche hata mmoja, kwa kupumzisha visiki vilivyokuwa tayari ardhini. Uchunguzi uliofanywa katika ngitili hizo ulikuta aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Katika nchi iliyoitwa jangwa, ndani ya muda usiozidi miaka ishirini, aina 145 za ndege.

Najua mna hoja, na ni za haki. Mkulima wa mtama atasema, miti yenye miiba ndiyo nyumba ya kwelea kwelea. Ni kweli, makundi yao hujenga kwenye vichaka vya migunga. Lakini hupenda zaidi vichaka vichanga, vizito, vyenye kimo kinacholingana. Msitu wenye miti ya rika mbalimbali unawapa pia makazi mwewe na vipanga wanaowawinda. Mwingine atasema, miti inarudisha mbung'o. Hilo linahitaji tahadhari, hasa vijiji vinavyopakana na Pori la Maswa, na idara ya mifugo ishirikishwe pale ngitili inapopanuka kuelekea hifadhi. Mwenye shamba kule Itilima, Busega au Meatu atasema, tembo wamekula mahindi yangu usiku na wewe unaniletea habari za kasuku. Huyo simjibu kwa nadharia. Ngitili iliyo ukingoni kabisa mwa hifadhi inaweza kumkaribisha tembo, na anayepata hasara anastahili kulipwa kifuta jasho kwa wakati. Familia moja haiwezi kubebeshwa peke yake gharama ya mnyama wa taifa zima. Ngitili ya kwanza kufufuliwa iwe ile iliyo ndani, mbali na njia za tembo.

Lipo jambo moja ambalo ngitili ya kawaida haitoshi, nalo ndilo hasa lililonileta. Ngitili inayofungwa Novemba na kufunguliwa Julai kila mwaka inatoa nyasi nyingi, lakini mche wa mgunga haufiki mita tatu kwa miezi minane. Kila ikifunguliwa, mbuzi wanaurudisha gotini. Ukitaka mti, na ukitaka ndege wa mti, lazima sehemu fulani ifungwe miaka mfululizo, kisha ifunguliwe na ifungwe nyingine. Robo ya ngitili inatosha kuanzia. Mbuzi wazuiwe kabisa katika robo hiyo. Ng'ombe wanaweza kuruhusiwa mapema zaidi yao, maana ng'ombe hupendelea nyasi na kwa kula nyasi anapunguza moto, kama nyumbu walivyofanya Serengeti. Maganda ya migunga anayoyala chini ya mti huyasafirisha, na mbegu zinatoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Kanga na kwale watazifuata huko wakichakura. Ng'ombe wenu akipangiwa muda wake anaweza kuwa mpanda miti.

Sheria inaruhusu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinaipa serikali ya kijiji uwezo wa kutenga msitu wake na kuutungia sheria ndogo. Ngitili isiyoandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi hugawanywa viwanja au mashamba mzee akifariki na watoto wakigombea urithi. Iliyoandikwa ina pa kusimamia.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa vijiji na wazee wa dagashida mliomo humu. Kabla mvua za Novemba hazijaanza, itisheni mkutano mmoja. Chagueni kipande cha ngitili kitakachofungwa miaka mitano bila mbuzi na bila moto, mkitaje mipaka yake kwa majina ya miti na mawe, mkiandike katika muhtasari. Miti mikongwe yenye matundu, hata iliyokufa imesimama, iwekeeni alama isikatwe kuni. Walimu, wapeni wanafunzi kazi ya kuhesabu ndege katika kipande hicho kila Aprili na kila Oktoba, kwa majina ya Kisukuma kama hawajui ya Kiswahili, na daftari libaki shuleni. Mwaka wa tano leteni madaftari hayo hapa Bariadi tuyasome pamoja.